Nani mwenye mbuga, msitu na bustani? Jinsi ardhi ya umma inavyohama, na mahali pa kuizuia

Mabati yakizungushiwa kona ya bustani mjini, mabishano huanza siku hiyo hiyo. Mmoja atasema kaunti imeuza. Mwingine atasema haijauza, imekodisha tu. Wa tatu atasema anayejenga ana hati miliki, kwa hivyo hakuna la kufanya. Mabishano kama hayo hufuata kila habari ya hoteli ufuoni mwa ziwa kule Kisumu, ya nyumba za bei nafuu kwenye uwanja wa watoto kuchezea, au ya mashamba yanayosemekana yamo ndani ya msitu wa Mau. Mara nyingi wote watatu wamekosea, na kosa lao lina hasara. Anayeona kila kibanda kuwa wizi humaliza nguvu kwenye jambo lisilo na kesi. Anayeamini hati haivunjiki hukata tamaa wakati sheria ingali upande wake.

Tuelewane kwanza kuhusu wakati. Siku tingatinga linapoingia, ardhi ya umma huwa imeshahama kwenye karatasi miezi au miaka kabla. Kila karatasi ilipitia ofisi inayojulikana, na nyingi kati ya ofisi hizo zilikuwa na muda wa kupokea pingamizi. Anayejua karatasi hizo anaweza kufika mapema.

Mali ya nani, mikononi mwa nani

Katiba ya 2010 inagawa ardhi yote ya Kenya katika mafungu matatu: ya umma, ya jamii na ya kibinafsi. Kifungu cha 62 kinaorodhesha ardhi ya umma, na ndani ya orodha hiyo mna misitu ya serikali, mbuga za kitaifa, hifadhi za wanyama, vyanzo vya maji, mito na maziwa. Hizo zimewekwa chini ya serikali ya kitaifa kama amana kwa Wakenya wote. Ardhi ya umma inayotumiwa na taasisi za kaunti, kama bustani ya mji, iko chini ya kaunti kama amana kwa wakazi wake. Tume ya Taifa ya Ardhi (NLC) husimamia zote mbili kwa niaba ya serikali hizo.

Amana maana yake ni hii: serikali inashika ardhi jinsi mweka hazina anavyoshika pesa za chama. Daftari liko kwake na benki inaitambua sahihi yake, lakini hawezi kumkopesha shemeji yake bila kikao cha wanachama. Akifanya hivyo, mkopo hauwi halali eti kwa kuwa sahihi ni yake kweli. Ndiyo sababu ile kauli ya kwamba kaunti ndiyo mwenye bustani na inaweza kuifanya itakavyo haina msingi. Kifungu hicho hicho cha 62 kinasema ardhi ya umma haiwezi kutolewa wala kutumiwa kwa namna nyingine ila kwa kufuata sheria ya Bunge inayoeleza masharti. Panapokosekana sheria hiyo, au hatua zake zisipofuatwa, gavana, waziri na kamishna hawana cha kutoa.

Ulinzi haulingani

Watu wengi huchanganya mbuga, msitu na bustani kana kwamba zote hulindwa kwa njia moja. Ulinzi wake unatofautiana sana, na kutofautiana huko ndiko kunakoamua mpige kelele wapi.

Mbuga ya kitaifa ndiyo yenye ulinzi mzito zaidi. Husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Katika ukanda wetu wa Bonde la Ufa na magharibi mwa Kenya ziko Ziwa Nakuru yenye kilomita 188 za mraba, Hell's Gate karibu na Naivasha, Mlima Elgon, Ruma kule Homa Bay, Saiwa karibu na Kitale ambayo haifiki hata kilomita 3 za mraba, na Kisiwa cha Ndere. Kwa sheria ya wanyamapori ya 2013, mipaka ya mbuga haipunguzwi kwa kalamu ya waziri peke yake. KWS lazima ipendekeze baada ya kushauriana na NLC, ioneshe kwamba spishi adimu na njia za wanyama hazitadhurika, umma uulizwe, na mwisho Bunge lipitishe azimio. Ukisikia mbuga imeuzwa wakati Bunge halijajadili chochote, kuna uwezekano mkubwa kwamba kilichofanyika ni mkataba wa kukodisha. Hilo ni jambo jingine, na tutalifikia.

Misitu ya umma iko chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS). Hapa historia inafundisha kuliko maelezo yoyote. Sheria ya zamani ya misitu ilimruhusu waziri kubadilisha mipaka kwa kutoa notisi ya siku 28 kwenye Gazeti rasmi la serikali. Kwa njia hiyo, Oktoba 2001, zaidi ya hekta 60,000 zilikatwa kutoka misitu ya Mau, na takribani 35,000 kati yake zilitoka Mau Mashariki, pale mito ya Njoro, Makalia na Nderit inapoanzia kabla ya kushuka hadi Ziwa Nakuru. Mto Njoro, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima, siku hizi hukauka sehemu zake wakati wa kiangazi, na mvua zikinyesha hubeba udongo wa mashamba hadi ziwani. Notisi ya siku 28, kwenye gazeti ambalo watu wachache walilisoma, ilitosha kuleta hayo yote.

Sheria ya misitu ya 2005 ilianza kuziba mlango huo, na ya 2016 ndiyo inayotumika sasa. Anayetaka msitu wa umma upunguzwe lazima apeleke ombi Bungeni. Ni lazima aoneshe kwamba chanzo cha maji hakitaharibiwa, na KFS ina sauti kabla ombi halijafika mbali. Miaka michache iliyopita kulikuwa na mswada wa kuiondoa sauti hiyo ya KFS. Ulipingwa kwa nguvu na haukuwa sheria, lakini wazo hilo linaweza kurudi wakati wowote, na kifungu cha kuchunga ni cha 34 cha sheria hiyo ya 2016.

Msitu wa Kakamega una usimamizi wa aina mbili. Upande wa kaskazini, Buyangu, ni hifadhi iliyo chini ya KWS tangu 1985. Sehemu kubwa ya kusini, kama Isecheno, iko chini ya KFS. Anayeona miti ikikatwa Isecheno akaandikia KWS atapoteza wiki kadhaa barua ikizunguka.

Bustani ya mji ndiyo inayotumiwa na watu wengi zaidi kila siku, na ndiyo yenye ulinzi mwembamba kuliko zote. Fikiria Bustani ya Nyayo pale katikati ya Nakuru, au viwanja vya Oile na Taifa kule Kisumu. Katiba inaipa kaunti kazi ya kusimamia bustani na sehemu za burudani, lakini hakuna azimio la Bunge linalohitajika kabla matumizi yake hayajabadilishwa. Nyingi ya sehemu hizi zilirithiwa kutoka mabaraza ya miji yaliyovunjwa 2013, na baadhi hazikuwahi kupimwa wala kuandikishwa. Zilikuwa rangi ya kijani tu kwenye ramani ya mipango ya mji. Kisha ofisi inayoidhinisha ubadilishaji wa matumizi ni ya kaunti ile ile inayoishika bustani kama amana. Kwa maoni yangu, hapa ndipo juhudi za wananchi zinapaswa kuelekezwa kwanza, ingawa tembo na vifaru ndio huvuta kamera.

Njia ambazo ardhi hutoka

Ubinafsishaji una sura kadhaa, na kila sura ina tiba yake.

Ipo ile ya wazi: hati miliki kutolewa juu ya ardhi iliyotengewa umma. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, ambayo ripoti yake ilikamilika 2004, ilikuta hati za namna hii takribani 200,000 nchini, zikiwemo za misitu, viwanja vya michezo na hifadhi za barabara.

Ipo ya kukodisha. Hoteli ndani ya mbuga kwa kawaida haimiliki ardhi. Ina mkataba na KWS, na ardhi inabaki kuwa ya mbuga. Hilo peke yake si unyakuzi. Wanaosema kila hoteli ni uuzaji wanadhoofisha malalamiko ya kweli, na wanaosema kukodisha hakuna ubaya hawajasoma mikataba. Ukiupata mkataba, angalia mambo haya. Eneo limetajwa kwa hekta na kwa bikoni, yaani alama za mpaka zilizowekwa na mpimaji, au kwa maneno ya jumla kama "na maeneo yanayozunguka"? Muda ni miaka mingapi? Ukodishaji wa miaka 99 mtoto wa leo hatauona ukiisha. Je, mradi umo kwenye mpango wa usimamizi wa mbuga ulioidhinishwa, au ulitafutiwa nafasi baadaye? Zabuni ilitangazwa? Mwananchi wa kawaida ataendelea kupita njia ile na kufika ufuoni, au lango litakuwa la wageni wa hoteli pekee? Majengo yatakuwa ya nani muda ukiisha?

Sharti linalosahaulika kuliko yote ni la rehani. Mkataba ukimruhusu mkodishaji kuuweka rehani benki, na biashara ikaanguka, benki inaweza kuuza haki hiyo kwa mtu ambaye umma haukuwahi kumsikia. Kipande cha mbuga kitakuwa kimepata mwendeshaji mpya kupitia mnada.

Wakati mwingine matumizi ya kibiashara ni halali na yana historia. Hell's Gate ilitangazwa kuwa mbuga 1984, lakini kiwanda cha kwanza cha umeme wa mvuke Olkaria kilianza kazi 1981. Huko hoja ya "ondoeni mitambo" haifiki popote. Swali lenye nguvu ni kila kisima na bomba jipya limefanyiwa tathmini gani ya mazingira, na njia za wanyama zimeachwa pana kiasi gani.

Sura nyingine ni serikali yenyewe kujenga: soko, ofisi, stendi ya matatu, nyumba za bei nafuu. Husemwa kwamba kwa kuwa mradi ni wa umma hakuna kilichopotea. Lakini uwanja wa wazi uliojengwa soko haupo tena kama uwanja, na nyumba zikishauzwa kwa watu binafsi, ardhi iliyo chini yake hairudi kuwa mahali pa watoto kucheza. Ubadilishaji wa aina hiyo nao una taratibu zake, na haustahili kupita kimyakimya kwa sababu una nembo ya serikali.

Mwisho kuna uingiliaji wa polepole. Kitalu cha miche hupewa leseni ya muda ya kukalia ardhi kando ya bustani. Leseni hiyo hairuhusu jengo la kudumu. Mwaka unaofuata pana kuosha magari, halafu kontena, halafu msingi wa mawe. Saruji ikianza kumwagwa chini ya leseni ya muda, hiyo ndiyo siku ya kuandika barua, maana baada ya hapo mwenye jengo ataanza kudai fidia. Vivyo hivyo kando ya mito na maziwa, ambako kanuni za mazingira zinataka ukingo wa kati ya mita 6 na 30 uachwe bila kujengwa, kutegemea upana wa mto na kiwango cha juu cha mafuriko.

Kuhusu maziwa, pana mkanganyiko mwingine. Ziwa Nakuru limepanda sana tangu mwanzo wa miaka ya 2010 na kufunika hata lango kuu la zamani la mbuga. Wapo wanaodhani maji yakisogea, mpaka nao unasogea. Mpaka wa mbuga umeandikwa kwa vipimo na ramani, na maji hayaubadilishi. Yakishuka, ardhi itakayoonekana ndani ya mpaka ni ya mbuga vilevile.

"Lakini ana hati"

Hii ndiyo imani inayowanyamazisha watu wengi. Hati miliki ni ushahidi mzito, lakini sheria ya usajili wa ardhi ya 2012, kifungu cha 26, inasema inaweza kupingwa ikiwa ilipatikana kwa ulaghai, kinyume cha sheria, bila kufuata taratibu au kwa njia ya ufisadi. Katiba yenyewe, Kifungu cha 40, inasema ulinzi wa mali hauhusu mali iliyopatikana isivyo halali.

Swali lililobaki kwa muda mrefu lilikuwa la mnunuzi wa pili au wa tatu, yule anayesema, "Mimi nilinunua kwa pesa zangu, sikujua." Mahakama ya Juu ililijibu Aprili 2023 katika kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa. Mzozo ulihusu kiwanja kilichopakana na ufuo wa Nyali, ambako kaunti ilibomoa ukuta ili kufungua njia ya kwenda baharini. Mahakama ilisema kiwanja kilikuwa kimetengwa kuwa uwanja wa wazi, hakikuwa cha kugawiwa mtu, na kwa kuwa mgao wa kwanza haukuwa halali, mnunuzi wa baadaye hakuwa na haki ya kulindwa. Mwaka huo huo, katika kesi ya Torino Enterprises, mahakama hiyo ilisema barua ya kugawiwa kiwanja, ile wengi huiita alotimenti, haimpi mtu umiliki wa ardhi. Kwa hivyo mtu akikuonesha alotimenti na kuanza kuchimba msingi, bado hajawa mwenye ardhi.

Hukumu hizo mbili zinawahusu watu wa Kisumu, Nakuru na Kitale sawasawa na wa Mombasa. Pia ni onyo kwa mnunuzi. Kiwanja cha bei nafuu kilichokatwa kutoka uwanja wa wazi kinaweza kuchukuliwa bila fidia hata kama kimepita mikono mitano.

Neno moja kuhusu Mau, kwa sababu hapa watu hukosea kwa upande wa pili. Kulinda msitu si ruhusa ya kumfukuza kila mtu aliyemo. Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek kwa kuwafurusha kutoka Mau, na Juni 2022 ikaagiza wafidiwe na ardhi yao ya asili itambuliwe. Katiba inatambua misitu ya jamii kama ardhi ya jamii. Mogiek ambaye babu zake walirina asali msituni hawezi kuwekwa kapu moja na mtu aliyepewa hekta 50 na rafiki ofisini, na kampeni inayowachanganya hao wawili haina haki.

Kufuata karatasi

Anza na ubao wa ujenzi. Eneo halali la ujenzi linatakiwa kuwa na ubao wenye jina la mradi, mwenye mradi, wataalamu, na nambari za idhini. Upige picha wote, hasa nambari ya kiwanja na nambari ya leseni ya NEMA, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Kusimamia Mazingira. Usipokuwepo ubao, andika hilo pia pamoja na tarehe.

Ukipata nambari ya kiwanja, nenda masjala ya ardhi ukafanye upekuzi rasmi, ile watu huita sachi. Utahitaji nakala ya kitambulisho, PIN ya KRA na ada. Tatizo la sachi ni kwamba huonesha mwenye ardhi wa leo tu. Omba pia nakala iliyoidhinishwa ya rejista nzima, inayojulikana kama kadi ya kijani, ili uone kiwanja kiliandikishwa lini mara ya kwanza, kwa jina la nani, na kiliuzwa mara ngapi. Kiwanja kilichotolewa kwa mtu binafsi na kuuzwa mara tatu ndani ya miezi michache kinastahili kuchunguzwa.

Sachi haitakuambia kama ardhi ilitengewa bustani. Hilo liko kwenye ramani. Tafuta ramani ya usajili ya eneo na ile ramani ya mpango ambayo maafisa huiita PDP, iliyotumika wakati ardhi ilipotengwa. Kwa mbuga na misitu, tangazo la Gazeti rasmi hutaja nambari ya ramani ya mpaka. Magazeti hayo ya serikali, ambayo hutoka kila Ijumaa, yanaweza kusomwa bure mtandaoni. Picha za setilaiti za miaka iliyopita husaidia pia: zinaonesha mwaka ambao ua ulianza na miti ilipokatwa, na mahakama huelewa picha.

Ofisi ikikunyima hati, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Andika barua, taja hati unayotaka kwa jina, peleka nakala mbili na yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wana siku 21 za kujibu. Wakinyamaza au wakikataa, una siku 30 za kupeleka suala kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, wengi huiita ofisi ya Ombudsman.

Wakati wa kupinga hutegemea karatasi iliyo mezani. Ikiwa ni ombi la kubadilisha matumizi ya ardhi, tangazo lazima litolewe, na muda wa maoni huwa mfupi, kwa hivyo soma tarehe kwanza. Kaunti ikiidhinisha, mtu asiyeridhika ana siku 14 tu za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya mipango ya matumizi ya ardhi. Wengi hujua wiki ya nne. Ikiwa ni tathmini kamili ya athari za mazingira, NEMA hutangaza gazetini na kwa kawaida hutoa siku 30 za maoni. Leseni ikishatolewa, rufaa hupelekwa kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira ndani ya siku 60.

Hapa pana mtego ambao watu hawauoni. Tangu 2019 miradi imegawanywa kwa hatari ndogo, ya kati na kubwa, na ni ile ya hatari kubwa inayofanyiwa tathmini kamili yenye tangazo gazetini. Mradi mkubwa ukikatwa vipande, kila kipande huonekana kidogo, na tangazo halitokei. Ukiona lango, kisha barabara, kisha vyumba kumi, kila kimoja na leseni yake, pinga kwa hoja hiyo hasa: kwamba ni mradi mmoja uliogawanywa.

Kwenye kikao cha maoni, orodha ya mahudhurio hubandikwa kwenye ripoti kama ushahidi kwamba wananchi walishirikishwa. Kusaini mahudhurio si kukubali, lakini asiyeacha maandishi mengine hana la kuonesha baadaye. Peleka kurasa mbili zilizoandikwa: nambari ya kiwanja, kinachopingwa, sheria inayovunjwa, unachotaka kifanyike. Maneno ya jumla kuhusu vizazi vijavyo hayampi hakimu kitu cha kushika.

Na mahakama? Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kushtaki kuhusu mazingira bila kuonesha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Huhitaji kuwa jirani wala kuwa na shamba karibu. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ipo Nakuru, Kisumu, Kakamega na Kitale. Jambo la kwanza kuomba ni amri ya kusimamisha kazi, kwa sababu hukumu inayokuja baada ya jengo la ghorofa sita kusimama hushindwa nguvu na zege. Katika kesi za manufaa ya umma mahakama mara nyingi huacha kila upande ubebe gharama zake, ingawa hilo si ahadi. Asiyeweza kushtaki anaweza kupeleka ushahidi kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC), ambayo ina uwezo wa kwenda kortini kudai ardhi ya umma irudishwe. NLC nayo hupokea malalamiko, lakini uwezo wake wa kupitia upya hati za ardhi ya umma ulipewa miaka 5 na sheria ya 2012, ukaisha 2017. Sheria hiyo ilirekebishwa 2025, kwa hivyo iulizeni NLC uwezo wake wa sasa; vyovyote vile, njia ya uhakika zaidi ya kufuta hati ni mahakama.

Kabla ya mabati

Bustani isiyo na hati ni rahisi kuandikiwa hati ya mtu mwingine. Hatua inayofaa kuliko zote kwa mji kama Nakuru, Kisumu au Kakamega ni kila bustani na uwanja wa wazi upimwe, uwekewe bikoni zinazoonekana, na uandikishwe kwa jina la kaunti kama amana, matumizi yake yakiandikwa kwenye hati. Kisha mwombeni msajili wa ardhi aweke kizuizi kwenye rejista, ambacho humzuia yeyote kuuza, kukodisha au kuweka rehani kabla kizuizi hakijaondolewa. Sheria inaruhusu mtu mwenye maslahi kuomba hivyo, si lazima awe kaunti.

Wakazi wanaweza kuipelekea bunge la kaunti ombi la kutaka orodha ya ardhi yote ya umma katika wadi yao. Hakuna ada, na mwakilishi wadi anaweza kuliwasilisha. Orodha ikitoka, tembeeni nayo kutoka bikoni hadi bikoni, na mahali ambapo bikoni imeng'olewa pigeni picha na mripoti siku hiyo hiyo.

Pesa za kupima na kusajili lazima ziwe kwenye mpango wa maendeleo wa mwaka, ambao serikali ya kaunti hupeleka kwa bunge lake kufikia Septemba 1. Ombi likifika Julai lina nafasi ya kuingizwa. Likifika Oktoba husubiri mwaka mwingine.